Baada ya Jino la Sita

Leiden, Uholanzi
12 Januari 2025

Kuka wangu,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye benchi lako nje ya nyumba, unamnolea mtu panga huku ukimgombeza kwa kuliacha lishike kutu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku sitaieleza sana kwa sababu utanicheka. Chukua ile ya Elburgon ya mwezi wa saba, izidishe mara tatu, halafu ongeza upepo. Nisalimie Mjomba Gedion na mkewe Nanyama. Nasikia Nanyama yuko karibu kujifungua, Mungu amfungue salama.

Watu wa hapa wananishangaa, ati bado naandikiana barua za karatasi na babu yangu. Nimewaambia mashine za mbao zilikula masikio yako miaka thelathini na nane. Mara ya mwisho nilipokupigia simu nilipaza sauti mpaka jirani akaja kugonga mlango akidhani nimevamiwa. Nilikuwa nakuuliza habari za kanisa. Wewe ukanijibu, "Ndiyo, viazi vimeiva."

Sasa, tafadhali waambie watu wa Elburgon kwamba mimi si daktari wa ndovu. Kazi yangu ni kupima meno. Mnyama mwenyewe anaitwa mamothi, ni jamaa wa ndovu, na alikwisha duniani zamani. Wavuvi wa huku wakivuta nyavu kutoka Bahari ya Kaskazini, mara nyingine katikati ya samaki wanakuta jino zito kama tofali. Pale palipo na maji leo palikuwa nchi kavu, nyasi tupu, na mamothi wakizurura humo. Mimi nalisafisha lile jino, nalipima, halafu naandika mwenyewe alikuwa na umri gani na alikula nini.

Na usidhani ni mzungu. Mamothi wa kwanza kabisa walikuwa Waafrika. Walikaa huko kwetu mamilioni ya miaka kabla baadhi yao hawajashika njia ya kaskazini. Huko baridi ikawatia adabu: wakaota manyoya marefu, masikio yakawa madogo, mkia ukawa mfupi, na chini ya mkia wakawa na kipande cha ngozi cha kufunika mlango wa nyuma ili upepo usiingie. Haki ya Mungu, Kuka, siongopi.

Meno yako mapya je? Nanyama aliniambia kwamba siku Daktari Sue alipokuwekea, mlirudi kutoka Nakuru hukusema neno njia nzima. Yanakaa vizuri? Unakula?

Mjukuu wako,
Namalwa


Elburgon
10 Februari 2025

Kwa Namalwa, bibi yangu mdogo aliyenikimbia akaenda kuolewa na mifupa,

Barua yako nimeipata jana pale posta na nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliwasomea watu kwa kinyozi. Tulipofika kwenye kile kifuniko cha nyuma, mzee Kimeli alicheka hata kinyozi akamkosea kichwa, sasa anatembea na kofia. Anasema Mungu angempa hata yeye kifuniko hicho, maana baridi ya asubuhi za msitu wa Mau inaingia kila mahali.

Hapa sisi ni wazima. Mvua hakuna, vumbi ndilo tunalokula. Habari kubwa ni kwamba Nanyama amejifungua mtoto msichana, na tumempa jina Nakhumicha, jina la marehemu nyanya yako. Nilipombeba alinikazia macho vile vile kama mwenyewe, ungefikiri nimechelewa kurudi nyumbani. Nililia kidogo. Usimwambie mtu.

Tulichinja jogoo. Firigisi nilimpa Gedion. Watu walitazamana, maana unajua kwetu firigisi haiendi kwa mtu mwingine mwenye boma akiwa ameketi hapo. Nikawaambia mimi nimezeeka, sasa ni zamu ya vijana. Gedion aliila akiangalia chini kama aliyeiba.

Meno ni mazuri sana. Yanang'aa. Mambo ya meno tuyaache hapo.

Ila hilo jino la mnyama wako limeninyima raha. Nimenoa misumeno maisha yangu yote. Msumeno ukianza kupasua mti wa saipresi asubuhi, saa sita umeshalewa, haukati tena, lazima uchukue tupa upitie jino moja moja. Sasa wewe unaniambia mnyama anatafuna nyasi zenye mchanga na vumbi mwaka baada ya mwaka. Nani alikuwa anamnolea? Waulize hao maprofesa wako, na wakijibu wasinizungushe.

Zile simu za kuonana kwa video usizingoje. Simu ya Gedion imevunjika kioo.

Ulisema utakuja mwezi wa nane. Ni mwezi wa nane wa mwaka huu, au kuna mwingine?

Mimi babu yako,
Makhanu


Leiden
3 Machi 2025

Kuka mpendwa,

Wee! Nakhumicha amezaliwa tena! Nimeruka hapa ofisini hadi mwenzangu akaangusha kikombe. Nimemfumia kofia ya manyoya, nitaituma, hata kama itafika akiwa darasa la kwanza. Mbusu kwa niaba yangu, na umwambie dada zake wa Ulaya ni wengi lakini anayempenda ni mmoja.

Swali lako niliwapelekea maprofesa. Mmoja akauliza, "Huyu babu yako alisomea wapi?" Nikamjibu alisomea kwenye kiwanda cha mbao Elburgon. Basi sikiliza.

Jino la mamothi si kama letu. Limepangwa kwa vibamba vyembamba, kama mbao zilizosimamishwa pamoja na kugandishwa. Kuna sehemu ngumu na sehemu laini. Ile laini huliwa upesi, ile ngumu hubaki imeinuka juu, kwa hivyo makali hayaishi. Mchanga ule ule unaolichakaza ndio unaolinoa. Hakuna mtu wa kushika tupa. Linajinoa lenyewe kila anapotafuna.

Na si hayo tu. Sisi tunapewa meno mara mbili, ya utoto na ya ukubwa. Yeye alipewa mara sita. Jino moja linafanya kazi, likichakaa linasukumwa mbele na kumeguka, na jingine linaingia kutoka nyuma. La kwanza ni dogo, unaweza kulificha kwenye kiganja. La sita ni kubwa kuliko kiatu chako. Lakini la sita likiisha, hakuna la saba. Mnyama anaweza kusimama kwenye nyasi zinazomfika magotini na bado akafa njaa, kwa sababu hawezi tena kuzisaga. Leo nimepima moja la namna hiyo, limebaki kama kipande cha sabuni kilichoisha. Mwenyewe alikuwa na miaka kama sitini. Nilimwonea huruma, nikakaa naye kidogo kabla sijamrudisha kwenye droo.

Kazi ni nyingi, Kuka. Nakupenda. Kula vizuri.

Namalwa


Elburgon
6 Aprili 2025

Mjukuu wangu Namalwa,

Salamu. Mvua imeanza, tena kwa fujo. Barabara ya kwenda msituni imekatika na malori ya magogo yamelala njiani siku mbili. Mtoto ni mnono. Kofia haijafika.

Jino linalojinoa lenyewe! Nimelifikiria wiki nzima. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta miaka thelathini na nane, na kilikuwa ndani ya mdomo wa mnyama. Nimemweleza Gedion. Aliitikia, lakini nadhani hakuelewa.

Tupa zangu zote nimempa yeye, pamoja na kile kibao cha kubania msumeno. Macho yangu hayaoni tena vizuri kwenye ncha. Amefurahi.

Nimemwelewa sana huyo mzee wa meno sita. Hakusumbua watu. Alimaliza zamu yake akasimama mahali pake, basi. Hiyo ni heshima. Umefanya vizuri kukaa naye.

Mimi siku hizi sina mambo mengi. Nakunywa chai, naloweka mkate. Mshipi umeanza kunisumbua, nimeutoboa tundu mpya kwa msumari. Ni hizi nguo za siku hizi, hazitengenezwi kama zamani.

Nilikuuliza unakuja lini. Ulinijibu kwa mnyama.

Makhanu


Leiden
2 Mei 2025

Kuka,

Barua yako ilikuwa fupi. Umekasirika? Kama ni kuhusu safari, naomba unisamehe, mambo bado hayajakaa sawa, nitakueleza yakikaa.

Ngoja nikuchekeshe. Unajua mamothi wa mwisho kabisa waliishia wapi? Wengine walipokwisha barani, kundi dogo lilibaki kisiwani, kaskazini kabisa karibu na Siberia. Waliendelea kuishi huko mpaka kama miaka elfu nne iliyopita. Wakati Wamisri wameshajenga piramidi zao, kuna mamothi walikuwa bado wanakula nyasi! Ila walikuwa wachache, wanazaana wenyewe kwa wenyewe, na wanasayansi wanafikiri walianza hata kupoteza uwezo wa kunusa harufu fulani. Juzi nimepika mboga za sukuma wiki nikaona hazinukii kabisa kama zetu. Nikajiuliza kama nami nimeanza.

Haya, sikuchekeshi vizuri. Niandikie hata mistari mitatu.

Namalwa


Leiden
6 Juni 2025

Kuka,

Sitasalimia kwanza, nisamehe. Nimengoja barua yako wiki tano na haikuja. Hii naituma kwa njia ya haraka na Mjomba Gedion atakupa mkononi.

Jumamosi nilitoa barua zako nikazipanga mezani, moja baada ya nyingine, kama ninavyopanga meno. Kazi yangu ni hiyo: naletewa kitu kilichochakaa, naambiwa sema huyu alikuwa anakula nini. Nimefanya hivyo kwa mnyama aliyekufa miaka elfu thelathini iliyopita, nikapatia. Kwa babu yangu aliye hai nimeshindwa.

Mwezi wa pili ulimpa Gedion firigisi. Wewe, Kuka! Wewe uliyeacha kuongea na mzee Kimeli miezi miwili kwa sababu mkewe alikosea akakupakulia shingo! Nilisoma nikacheka nikapita. Mwezi wa nne unaloweka mkate kwenye chai na kutoboa mshipi. Umegawa tupa zako. Maandishi yako yamekuwa madogo, na kwenye ukurasa wa mwisho kalamu inateleza.

Nimempigia Nanyama. Kwanza, simu ya Gedion haijawahi kuvunjika kioo. Pili, anasema unachukua sahani yako na kwenda kula peke yako nyumbani kwako, na sahani inarudi safi. Nikamuuliza mbwa wako anaendeleaje. Akasema, "Amenenepa hata hawezi kupita kwenye ua." Hapo ndipo sisi wawili tulipoanza kulia, yeye huko na mimi huku.

Na mimi ndiye niliyekuandikia habari ya jino la sita. Nilidhani nakupa hadithi ya kusomea watu kwa kinyozi. Kumbe nilikuandikia ruhusa. Ulipojibu kwamba hiyo ni heshima, mimi mjinga nilifurahi kwamba umempenda mnyama wangu.

Nami nilikuficha. Nimeongezewa mkataba wa miaka miwili na nimeshaweka sahihi. Niliogopa kukuambia kwa sababu nilikuahidi mwezi wa nane. Karatasi zangu za kukaa huku ziko ofisi ya uhamiaji, na nikitoka kabla hazijakamilika sitaruhusiwa kurudi. Lakini sikiliza vizuri. Ukinijibu uongo tena, au usiponijibu, nitatoka hivyo hivyo na kazi ibaki. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minne, na ni wewe uliyenitafunia nyama ukaniwekea mdomoni kwa sababu nilikataa kula. Mimi nakumbuka.

Meno yana nini? Nataka ukweli.

Namalwa


Elburgon
15 Juni 2025

Namalwa,

Barua yako imenikasirisha. Nimekasirika siku tatu. Nilimwambia Gedion anilipie tiketi nije huko nikuchape. Halafu nilipoisoma tena ile sehemu ya nyama niliona afadhali niketi chini.

Usije. Ukija ukapoteza kazi yako kwa ajili ya mzee, nitaona aibu mbele ya watu wote, hata mbele ya nyanya yako. Nitakuambia ukweli.

Meno yenyewe hayana ubaya. Yule daktari Sue ni fundi kweli, hata mimi ninayejua kazi ya meno ya chuma nilimvulia kofia. Yanakaa vizuri, hayaumi. Nilikula nayo siku ya kwanza. Siku ya tatu nilienda kunyoa ndevu, nikajiangalia kwenye kioo na kutabasamu nione.

Sikumjua yule mtu.

Wewe umezaliwa juzi hujui. Sisi tulipokuwa wavulana kule kwetu tuling'olewa meno mawili ya chini, ya mbele. Mimi alining'oa mjomba wangu, nikiwa na miaka kumi, na sikulia. Walituambia ni ili mtu akishikwa na ugonjwa wa kukaza taya aweze kunyweshwa uji kupitia hapo. Lakini ilikuwa zaidi ya uji. Mtu mwenye meno yote chini alichekwa, waliuliza kama ni punda. Kwa pengo lile watu walijua wewe ni wa nani. Nyanya yako siku ya kwanza kuniona pale sokoni alisema mbele ya dada zake wote, "Huyu pengo lake ni zuri, apige mluzi tusikie." Nikapiga. Tulikaa miaka hamsini na mmoja.

Sue hakujua. Alijaza kila mahali, juu na chini, sawasawa kama uzio mpya. Anafanya hivyo kwa kila mtu. Sikuweza kumwambia, ni mtoto wa watu amefanya kazi yake kwa moyo, na nyinyi nyote mlihangaika juu ya meno hayo. Sasa ningesema nini? Kwamba mzee anataka kubaki kibogoyo?

Namalwa, mimi nimebakisha siku chache. Siku nitakayofika kule aliko Nakhumicha, atasimama hapo kunipokea. Nitatabasamu. Atapita kando yangu kama mtu wa njia, aende akamtafute Makhanu mwingine. Nikifikiri hivyo roho yangu inauma kuliko njaa. Ndipo nikayafunga yale meno kwenye kitambaa nikayaweka kwenye kopo la misumari.

Njaa yenyewe mwanzoni ni mbaya. Baadaye inatulia. Ulipoandika habari ya yule mzee wa nyasi niliona basi, hata wanyama wakubwa walifanya hivyo, na hakuna aliyewaita wajinga.

Hiyo ndiyo kweli. Sasa unaweza kucheka.

Makhanu


Leiden
27 Juni 2025

Kuka wangu,

Sicheki. Nimelia kwenye maabara mbele ya watu na sijali.

Lakini Kuka. Aki, Kuka! Wewe mwenyewe ukiletewa msumeno, unauliza kwanza, "Ni wa kukata mti gani?" Unaweza kuupangia meno ya mbao laini au ya mbao ngumu, unaweza kuacha nafasi pana au nyembamba, mwenye msumeno ndiye anayesema. Kwa nini hukumwambia Sue anayetengeneza meno aache nafasi?

Yanaweza kutengenezwa yakiwa na pengo! Nimempigia Sue leo asubuhi. Kwanza alidhani hanisikii vizuri. Nilipomweleza akasema marehemu babu yake wa Mumias alikuwa na pengo hilo hilo, na yeye Sue hakuwahi kuuliza ni la nini. Anakungoja Jumanne yoyote. Anasema uende wewe mwenyewe umwonyeshe ni upana gani, kwa sababu hana picha.

Kuhusu yule mzee wa nyasi, naomba unisikilize. Yeye hakuchagua. Laiti angepata la saba angelitumia, angekula mpaka jua lizame. Sijawahi kuona jino hata moja kwenye droo zangu ambalo mwenyewe aliliacha likiwa bado lina kazi. Wote walilitumia mpaka likaisha. Hiyo ndiyo heshima yao, na nilipaswa kukuandikia hivyo tangu mwanzo.

Usiende bado. Nina mtu mmoja tu duniani ninayeweza kumwuliza msumeno unanolewaje, naye anasikia "viazi" nikisema "kanisa". Nakuomba, Kuka. Nakupigia magoti kwenye karatasi hii.

Namalwa


Elburgon
31 Julai 2025

Bibi yangu mdogo,

Mulembe, mulembe sana. Huku ni baridi na ukungu, saa nne asubuhi bado huoni ng'ombe wa jirani. Kofia ya mtoto imefika. Inamtosha mbwa. Nanyama amesema tuiweke, atakua.

Sasa nikupe habari kamili. Barua yako ilipofika sikungoja Jumanne. Nilitoa yale meno kwenye kopo, nikaenda kwa Gedion nikamwomba tupa yangu moja, ile nyembamba ya pembe tatu, nikayabana kwenye kibao ili nikate pengo mwenyewe. Nanyama alinikuta nimeshaanza. Alininyang'anya vyote viwili na kunifokea kama mtoto, hata mimi nilisikia, na unajua masikio yangu. Akanifungia mlango mpaka Jumanne.

Tulipofika Nakuru Sue alifungua mdomo wangu na kuangalia muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti kubwa ili nisikie, "Mzee, miaka kumi na miwili watu wanakuja hapa nizibe mapengo yao. Wewe ndiye wa kwanza kuja nikutengenezee." Tukacheka wote, na yule msichana wa kuandika majina akaja kuchungulia. Nikamchorea Sue kwenye karatasi. Mara ya kwanza aliacha nafasi ndogo, nikakataa, nikamwambia hiyo ni ya mtu mwenye haya. Mara ya pili alipatia. Kona moja ilikuwa inakwaruza ulimi, nikamwomba anipe nilainishe. Alikataa. Nikamwonyesha mikono yangu. Akaniangalia, akanipa kitupa chake kidogo, akasimama karibu akinisimamia. Baadaye aliniuliza kama natafuta kazi.

Nilienda kwenye kioo chake, nikatabasamu. Alikuwa ni Makhanu, amekonda, lakini ni yeye. Nilimsalimia.

Ninakula. Nilianza na uji mzito, kisha viazi, kisha ugali na mboga. Wiki ya pili mahindi ya kuchemsha. Mzee Kimeli amekuja kunitazama nikitafuna, amekaa saa nzima kama mtu aliye kwenye mpira. Mbwa amekasirika na mimi, hanifuati tena.

Huo mkataba wa miaka miwili, maliza. Usinifikirie vibaya, nilitaka sana uje mwezi wa nane, na roho iliniuma. Lakini maliza kazi ya hao wazee wa kwenye droo. Mimi niko. Nimepiga hesabu ya miaka miwili nikaona si mbali.

Kuna kitu kimoja sijakuambia, na tumeshakubaliana ni ukweli tu. Ule mwezi wa tano uliongoja barua ukakosa, niliandika. Ilikuwa barua ya kukuaga. Niliandika kila kitu, mahali pa kunizika, wimbo, nani ashike boma, na maneno mengi kwako ambayo siwezi kuyarudia hapa bila kulia. Nikaiweka ndani ya Biblia ya nyanya yako ili muipate wenyewe.

Leo asubuhi Gedion ameleta nyama ya ng'ombe. Makaa yamelowa na huu ukungu, Nanyama amepuliza mpaka amechoka, akaniomba karatasi yoyote ya kuwashia jiko. Nikaingia ndani nikamletea ile. Hakuuliza ni ya nini. Zilikuwa kurasa nne, kwa hivyo moto ulishika vizuri, na nyama ilipoiva nilikula ya kwanza mimi mwenyewe.

Mimi babu yako, niliyeshiba,
Makhanu